Kisanduku Nyuma ya Tangi la Maji

Mama mkwe wangu alipofika Kitengela alikuwa bado na sauti. Asubuhi ya kwanza aliimba tenzi akinawa uso, na wimbo ule ukatufikia mezani tukinywa chai, ingawa chumba chake kilikuwa kona ya chini kabisa ya ploti. Mke wangu aliweka kikombe chini akaanza kulia. Daktari alikuwa amemwambia wazi: saratani iko kooni, dawa zitapunguza maumivu, lakini sauti itatangulia kuondoka. Labda mama alikuwa na miezi miwili ya kusema.

Mtu mwingine angesema, basi, aandike. Lakini yeye alikuwa na neno moja tu la kusema, na hilo halikuwa la kuandikwa.

Miaka kumi na moja nyuma, kitinda mimba wake aliuza ng'ombe wa maziwa wa mama yake bila ruhusa, akanunua tikiti ya ndege, akaenda Marekani. Siku alipoondoka mama alisimama langoni, majirani wote wakisikia, akamwambia kwamba huko aendako hatapata pa kutua, na uso wa mama yake hatauona tena. Jamaa akaenda, na kweli hakutua. Vibarua vya leo hapa kesho pale, mke aliyemwacha, karatasi za uhamiaji ambazo hazikuisha kushughulikiwa. Angekuja kumwona mgonjwa hangeruhusiwa kurudi, na kule alikuwa na mtoto mdogo. Alipopiga simu mama alimsalimia, akamuuliza habari za baridi na za mtoto, kisha akakata bila kuligusa lile neno. Kwao, na kwetu pia maana sote tunatoka magharibi mwa Kenya, laana ya mzazi huondolewa na kinywa kile kile kilichoitamka, na mwenye kuondolewa awe mbele ya macho. Mchungaji alimwambia Mungu hahitaji macho. Akamjibu, "Mchungaji, si Mungu niliyemlaani. Nilimlaani mtoto nikimwona. Nitamfungua nikimwona."

Kwa hiyo tulihitaji picha ya video. Na picha tulikuwa nayo, hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya kura ya katiba mpya, na intaneti ilikuwa imeanza kufika majumbani hata huku kwetu. Kampuni moja ilikuwa imetufungia sahani juu ya paa, na kebo ikashuka hadi kwenye kompyuta ya mezani sebuleni. Tulikuwa na kamera ndogo ya kubandika juu ya skrini, na maikrofoni niliyoinunua mpya. Mama mkwe angeketi kwenye kiti changu dakika kumi tu, yakaisha.

Lakini mama mkwe kuketi kwenye kiti cha mkwe! Kwetu mkwe na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Nilipokuwa nikienda kwao, akiniona njiani alikuwa akiingia kwenye mahindi mpaka nipite. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka tisa na sikuwahi kuuona uso wake wote. Alipougua na ikabidi aje karibu na hospitali, nilimjengea chumba cha mabati kule kona ya chini, na mlango na dirisha nikavigeuzia kwenye ua wa mpakani, mgongo wa chumba ukatazama nyumba yetu. Nilitaka akae juani bila kujifunika leso kila nikienda kuwasha gari. Watu wa kwetu waliokuja kumjulia hali walinisifu, na mimi nikajisikia mwanamume kamili.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hupenda mambo yaende moja kwa moja, aliniuliza wiki ya kwanza tu, "Baba, na tukimwingiza ndani siku moja?"

"Siku atakayoingia," nikasema, "mimi nitahamia kiwandani." Nilisema nikicheka, lakini alinijua. Hakuuliza tena.

Mimi ni fundi wa umeme. Miaka hiyo nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha saruji kule Athi River, na nilikuwa na ule ugonjwa wa mafundi, wa kuamini kwamba hakuna shida ya binadamu isiyotatuliwa kwa waya. Nikajiambia: mama haji kwenye mtandao, mtandao utamwendea mama. Mfanyakazi mwenzangu aliniazima laptopu yake. Tundu lake la kebo lilikuwa limekufa, ilishika mtandao wa hewani pekee. Nikanunua rauta ya kawaida, nikaiweka dirishani sebuleni, nikampa mke wangu laptopu aende nayo kwa mama. Akarudi akitikisa kichwa. Nyumba yetu ni ya mawe, chumba chake ni cha bati pande zote, na uwazi wa pekee, lile dirisha, ulikuwa umetupa kisogo. Nilikuwa nimemjengea mama mkwe sanduku la chuma.

Wiki hiyo tenzi za asubuhi hazikufika mezani tena. Ili kuzisikia ilibidi usimame nje, karibu na tangi.

Nikaenda Nairobi kutafuta akses pointi ya nje, kile kisanduku cheupe kisichoogopa jua wala mvua, kinachofungwa mlingotini kurusha mtandao hewani. Muuzaji alinitolea viwili. Kimoja kilikuwa na antena ndefu kama fimbo, kikirusha pande zote. Cha pili kilikuwa bapa, kikirusha upande mmoja tu, lakini kwa nguvu.

"Nyumba iko kubwa aje?" akaniuliza.

"Si nyumba. Ni chumba kimoja, mita arobaini hivi."

"Mita arobaini? Boss, hii ya upande mmoja inaenda kilomita. Unataka kuongea na nani, Namanga?"

Nilipaswa kuchukua chochote nikimbie. Badala yake nikaomba karatasi zenye maelezo, nikarudi nyumbani kuzisoma. Jumamosi iliyofuata nikaenda maduka mengine matatu. Nyingine tena nikaenda kulinganisha uzito wa vyuma vya kufungia. Mke wangu alinitazama nikichora mistari ya mawimbi kwenye daftari la mtoto, akasema shangazi alinichagulia mke kwa siku moja, na kisanduku kimenishinda mwezi. Nilikasirika kweli. Nilimwambia kazi ya haraka hurudiwa. Siku ile sikujua kuna kazi ambazo hazipewi nafasi ya kurudiwa.

Mwishowe nilichukua cha upande mmoja. Kufikia hapo mke wangu alilazimika kuinama ili amsikie mama yake.

Swali likawa nikifunge wapi. Pa juu hapakuwa pengine ila mnara wa tangi, ule wa vyuma vinne uliobeba tangi letu jeusi la plastiki, lita elfu tano. Ulisimama upande wa ua, ukilitazama dirisha la mama. Lakini mbele ya tangi kisanduku kingeonekana barabarani, na Kitengela ya miaka ile kitu kinachong'aa hakikulala juu ya mlingoti mara mbili. Watu walikuwa wakiibiwa mita za maji, sembuse mtambo kutoka Nairobi. Kwa hiyo nikakificha nyuma ya tangi. Kulikuwa na kivuli pia, nikaona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Nikatengeneza kikapu cha nondo, nikakitia kisanduku ndani, nikachomelea kikapu kwenye chuma cha mnara ili mwizi aje na mnara mzima akitaka. Mke wangu alishika ngazi. Cheche zilimwangukia kwenye leso na hakulalamika.

Siku ya Alhamisi nilikaa nje ya kile chumba, mgongo kwenye bati, laptopu magotini. Mistari mitano, yote imejaa. Nilipiga kelele. Kutoka ndani, upande wa pili wa bati, mama mkwe alikohoa, na nadhani alicheka. Mke wangu akaandikia kaka yake: Jumapili. Jumapili asubuhi ya kwao, alasiri ya kwetu, alikuwa akifagia ofisi fulani, na kwa saa moja angeweza kutumia kompyuta ya hapo kabla mwenye zamu hajafika. Wiki iliyofuata mama alikuwa alazwe. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu anayesema siri. Lakini ilikuwepo.

Niseme kuhusu maji. Ulikuwa wakati wa kiangazi kibaya, ng'ombe walikuwa wakifa kando ya barabara, na maji yetu yaliletwa na lori. Lori lilikuwa halijatufikia kwa wiki tatu. Tuliishi kwa mitungi. Mke wangu alikuwa amelipigia simu kila siku, maana shuka za mgonjwa haziwezi kungoja mvua. Jumamosi jioni likafika, likajaza tangi mpaka likafurika. Tulifurahi sana. Watoto walioga mara mbili.

Jumapili baada ya kanisa mke wangu alimvalisha mama yake gauni la bluu, akamketisha kitandani na mito mitatu mgongoni, akafungua laptopu. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye kompyuta ya mezani, kuhakikisha laini iko. Shemeji akatokea kwenye skrini, mwanamume mwenye upara, shati la kazi, ufagio umeegemea ukuta nyuma yake. Sikumtambua, maana nilikuwa nimemwona kwenye picha za ujana tu. "Shem," akasema, "yuko wapi?"

"Anakuja. Subiri kidogo."

Mke wangu akaita kutoka kona ya chini, "Hakuna kitu! Baba, hakuna hata mstari mmoja!"

Nilikimbia. Nilipanda mnara, nikagusa kebo, taa za kisanduku zilikuwa zikiwaka zote. Nikashuka, nikazima, nikawasha. Nikapanda tena. Nikabadilisha kichwa cha kebo, nikakikata vibaya, nikarudia. Robo saa ikaisha hivyo. Nikamwambia mke wangu anipitishie laptopu dirishani, nikauzunguka mnara nayo. Upande wa kisanduku, mistari mitano. Nikapita upande wa dirisha, sufuri. Nikarudi, mitano. Nikainua macho, na katikati palikuwa na tangi, jeusi, limetoka jasho la maji baridi.

Alhamisi mawimbi yalikuwa yakipita kwenye plastiki tupu. Sasa yalikuwa yakizama ndani ya lita elfu tano. Kila fundi wa redio anajua maji hunywa mawimbi. Nilikuwa nimesoma hilo kwenye zile karatasi, Jumamosi ya pili, nikapigia mstari.

Kisanduku nisingeweza kukisogeza. Nilikuwa nimekichomelea mwenyewe. Leo nikikaa naweza kuhesabu njia tano nyingine ambazo ningefuata siku ile. Sikuona hata moja. Nilichoona ni bomba la chini la tangi, nikalishika kwa spana, nikalifungua lote.

Maji yakatoka kwa kishindo, yakachimba shimo, yakaanza kukimbilia langoni. Mke wangu alitoka akashika kichwa. "Unafanya nini? Unamwaga maji? Baba, unamwaga maji?" Nilikuwa natazama kipimo cha pembeni mwa tangi. Hakikushuka hata kidole kimoja. Nikajikuta nalipiga tangi kwa ngumi, nikilitukana, mtu mzima mwenye tai ya kanisa shingoni.

Ndipo akaingia mama wa maziwa. Alikuwa mama Mmaasai wa boma la jirani, aliyetuletea maziwa tangu tuhamie, ingawa kiangazi kile alileta kikombe tu, na wakati mwingine alikuja kusalimia bila kitu. Aliyaona maji yakipita chini ya lango. Nyuma yake ng'ombe wake watatu waliobaki, mbavu nje, walikuwa wameyanusa, wakasukuma lango wakaingia kunywa kwenye tope.

"Sopa," akasalimia, akachomeka mtungi wake chini ya bomba bila kuomba ruhusa. "Baba, umeshikwa na wazimu?"

Mke wangu akamweleza kwa haraka, akilia: mtoto yuko kwenye kompyuta ndani ya nyumba, mama yuko kule, mtandao umekufa, muda unaisha.

Yule mama aliangalia nyumba, akaangalia chumba. Ni kama hatua hamsini. "Sasa mama ni mzito?" akauliza.

"Si uzito," nikasema. "Ni mama mkwe wangu."

"Hata kwetu hiyo heshima iko. Mkwe haoni mama wa bibi." Akabadilisha mtungi. "Lakini wewe si unaona hizi ng'ombe? Ikianguka tunainua. Hatuulizi imeanguka kwa nani."

Nikamtazama mke wangu. Aliuma mdomo ili asiseme. Miezi miwili alikuwa ameuma mdomo hivyo.

Niliingia kwenye kile chumba kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Mama alivuta leso akajifunika uso. Nikasema, "Mama, nisamehe," nikapitisha mkono chini ya magoti na mwingine mgongoni, nikamwinua. Hakuwa na uzito wowote. Mkoba wangu wa vifaa ulikuwa mzito kumshinda. Tulipofika katikati ya ploti, kwenye tope na ng'ombe, aliiachilia leso ikaanguka, akaweka kichwa begani kwangu. Alikuwa na macho ya mke wangu kabisa. Mlangoni sikusimama. Aliangalia mapazia, akaangalia picha yetu ya harusi ukutani, akaangalia makochi, akiangalia kila kitu kama mgeni anayeogopa kuulizwa atakunywa nini.

Nikaketi kwenye kile kiti nikiwa nimempakata, kwa sababu peke yake angeanguka. Shemeji alikuwa bado yupo. Alipomwona alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mama alimtazama muda mrefu, akitafuta kijana wa miaka kumi na tisa kwenye ule upara. Alipompata nilihisi mwili wake wote umelegea. Kisha akaanza kusema.

Midomo ilikwenda. Ilikwenda kwa utaratibu, kama ya mtu aliyejifunza maneno yake kwa miaka. Alinyoosha kidole, akakikunja, akafungua kiganja kuelekea kwenye skrini. Sikio langu lilikuwa karibu kugusa kinywa chake, na sikusikia kitu ila pumzi. Kutwa alikuwa amenong'ona na binti yake akijiandaa, na kile kidogo kilichobaki kilikuwa kimeishia huko, au kiliishia njiani mikononi mwangu, sijui.

"Mama, sikusikii!" shemeji akapiga kelele. "Shem, sauti! Ongeza sauti!"

Nilisogeza maikrofoni mpaka ikagusa mdomo wake. Niliongeza kila kilichoweza kuongezwa. Kwenye skrini kile kimstari cha kijani cha sauti kililala chini, hakikuruka. Nikakigonga kichwa cha maikrofoni kwa ukucha, kimstari kikaruka mpaka juu. Mama akaendelea mpaka alipomaliza, akafunga mdomo, akamtazama mtoto wake akingoja jibu. Mlango ukafunguliwa nyuma ya shemeji, mtu akasema kitu kwa Kiingereza, picha ikakatika.

Alikufa wiki ya pili baada ya kulazwa. Tulimrudisha magharibi, tukamzika. Wazee walitaka kondoo wa utakaso kwa sababu nilimgusa, nikatoa bila ubishi. Shemeji hakuja. Alipiga simu jioni baada ya mazishi, akaomba aongee na mimi, si na dada yake. Nikatoka nje na simu.

"Shem," akasema, "nikuulize kitu kimoja. Siku ile alisema? Niliona midomo. Alisema lile neno?"

Nilikuwa nimelala nikiliwaza swali hilo usiku kumi na sita. "Alisema," nikamwambia. "Alisema yote. Alikufungua kabisa. Ni maikrofoni tu ilikuwa mbovu."

Nikamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akanishukuru kwa kumbeba mama yake. Akaniambia nisijilaumu, vyombo vya umeme ndivyo vilivyo, siku unayovihitaji ndiyo siku vinaharibika.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo vilivyo."